Mdogo wangu alivyolazwa kwa dawa za usingizi, na lori lililotaka kumwamsha

Wakuu, habari zenu. Mlionizidi umri shikamooni, ingawa humu sidhani kama mpo. Mjukuu ananisaidia kuchapa, ila maneno ni yangu na chumvi sijaongeza.

Miaka ya hamsini tuliishi Mlandege, Iringa. Baba alikuwa fundi bati. Mtu wa utani, sauti kubwa, kanisani besi yake ilizidi kinanda.

Mdogo wangu Lameki akakanyaga msumari. Kidonda kikafunga vizuri tu. Baadaye taya zikagoma kufunguka, mgongo ukawa unajipinda.

Pepopunda.

Hospitali wakamweka chumba cha giza, wakawa wanamchoma sindano za kumlaza. Siku hizi mnaita sedation. Dawa ile ilinuka mpaka kwenye pumzi yake.

(ICU ya wakati ule haikuwa na mashine, wakuu. Ilikuwa kiganja cha nesi kifuani mwa mtoto, anasikilizia pumzi.)

Kelele kidogo tu, hata kijiko kikidondoka, anakakamaa. Basi baba akawa mtu wa kunong'ona. Mama akamwangalia kama amebadilishiwa mume.

Mchana mmoja pumzi za Lameki zikawa chache mno. Nesi akatuambia taratibu, "Siwezi kumwongezea dawa, ataacha kupumua. Kilichobaki ni utulivu."

Hapohapo, nje ya dirisha, dereva akaanza kuwasha lori. Likakohoa. Lameki akajipinda.

Baba akatoka mbio, na mimi nyuma yake. Nilijua anaenda kutukana. Kumbe akamshika yule dereva mkono.

"Ndugu yangu, mwanangu yuko humo ndani. Usiwashe. Tulisukume."

"Mzee, limejaa mahindi hili!"

"Tulisukume hivyohivyo."

Ndugu wa wagonjwa wengine wakaja kusaidia, hakuna hata mmoja aliyesema "haya, twende". Watu wazima wanasukuma lori kimyakimya mpaka mteremko ukalichukua. Sijaona tena kitu kama kile.

Lameki akatulia. Siku zilivyokwenda akapunguziwa dawa kidogokidogo. Alipofumbua macho akaomba kunywa togwa. Baba akalia, hakutoa sauti.

Leo Lameki ni mzee wa viazi huko Mbeya, na simu zake kila Jumapili haziishi.

Nilichojifunza: chanjo ya pepopunda isikupite. Na mwanao akilazwa kwa dawa za usingizi ICU, kaa karibu, uliza manesi usione aibu.

Yule dereva hatukumuuliza hata jina. Kama babu yako aliwahi kusimulia lori la mahindi lililosukumwa hospitalini Iringa, andika hapa chini. Bado nina asante yake.