Siku Mama Alipokwenda Kuliona Ziwa

Harufu ya ziwa ilitufikia kabla ya ziwa lenyewe: matope mabichi, matete yaliyolowa, dagaa walioanikwa juu ya mchanga. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa na miaka kumi. Sisi watoto wa vumbi la Kambarage, pale Shinyanga mjini, tulikuwa hatujawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Likizo ile tulikuwa kwa baba mkubwa, kaka yake baba, aliyelima pamba upande wa Geita. Kutoka kwake hadi ziwani ulikuwa mwendo wa saa mbili tu kwa miguu, lakini nusura tusifike.

Miezi minne kabla ya hapo tulikuwa tumemzika mdogo wetu Masanja, hajatimiza hata mwaka. Tangu siku hiyo jina lake halikutajwa. Ndugu wa baba walisema kulitaja ni kuita msiba mwingine, na chini kwa chini wakasema mama hakumwangalia mtoto vizuri. Mama akanyamaza. Alinyamaza akipepeta mtama, akanyamaza akiteka maji, mpaka asubuhi ile, tukiwa tunakunywa uji, aliposema kwamba anakwenda kuliona ziwa, yeye na watoto wake.

Baba mkubwa akaweka kata yake chini. "Kuna mgonjwa huko?"

"Hakuna, shemeji."

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Nakwenda kutembea tu."

Zama hizo watu wetu walisafiri kwa ugonjwa, kwa harusi au kwa kilio. Kwenda kutazama maji ilikuwa kazi ya Wazungu wenye kofia. "Mama Kabula," baba mkubwa akasema, akimwita kwa jina langu, "mtu aliyezika hatembei kwa raha. Na dalili ya mvua ni mawingu, tazama kule! Hata mbingu inakukataza."

"Mbingu ikitaka kunikataza, itaniambia yenyewe."

Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na mbele ya kaka yake hata hayo machache yalimwisha. Aliinuka, akachukua kikapu cha matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, akajitwika kichwani mwenyewe, mwanamume mzima, kaka yake akimtazama. Akatoka nje. Nasi tukamfuata.

Jua lilituchoma hadi juu ya kilima. Ghafla upepo ukageuka ukawa wa baridi, mchana ukafifia, na mvua ya mawe ikatupiga migongoni kama tumeiba. Tukakimbilia chini ya jabali. Mdogo wangu Maduhu alikuwa analia, meno yakigongana.

"Turudi, Mama Kabula," baba akasema. "Watoto wanatetemeka."

Mama alimfunika Maduhu kwa khanga yake ya pili. "Watoto si chumvi, hawayeyuki. Nikirudi sasa, watasema hata mvua imeniona mkosaji."

Baba akakishusha kikapu chini. Kisha akasema, "Basi tungoje ipungue."

Ikapungua. Tukateremka tukiteleza kwenye tope, na hapo ndipo harufu ile ilipotupokea, kisha matete yakaachana. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi nilifika nikasahau kufumba mdomo. Upande mmoja ziwa lilikuwa jeusi chini ya wingu, upande mwingine liking'aa kwa jua. Mama aliingia hadi magotini. Kisha akaita kwa sauti yake yote: "Masanja!" Akaita tena, "Masanja, mwanangu!" Wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa wakasimama. Baba akavua viatu, akaingia majini, akasimama kando yake, naye akaita. Sauti yake ilikatika katikati ya jina.

Tulikula matobolwa mvua ya pili ikitunyeshea, wala hakuna aliyeinuka. Jioni tulirudi tumelowa chapachapa. Baba mkubwa alikuwa mlangoni.

"Mmeyaona hayo maji?"

"Tumeyaona," baba alijibu yeye, si mama. "Na Masanja tumemlilia."

Baba mkubwa alitupisha tuingie. Kuanzia siku ile tulimtaja Masanja kila tulipotaka, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Leo barabara ya Geita ina lami, na familia hushuka ufukweni zikiwa na vyakula na simu za kupiga picha. Hakuna anayewauliza kama wana mgonjwa. Lakini ndimi za watu hazikubadilika. Nilipomzika mume wangu, hata miezi mitatu haijaisha, niliwachukua wajukuu tukaenda ziwani. Shemeji yangu alipopata habari, akapiga simu kuuliza mjane gani anatembea akicheka. Nikamwambia, "Ni mimi," nikaendelea kucheka na wajukuu wangu.