Paa Hupimwa Jumamosi

Mama alipohamia kwangu jijini, mtaa wa Mowlem, kutoka Kakamega, alikuja na mashine ya kuangulia mayai. Paneli zangu mbili za sola, zilizokuwa juu ya kibanda cha ngazi paani, ziliwasha taa na televisheni bila shida, lakini mashine hiyo ziliishindwa. Betri haikujaa kabla ya jua kutua. Siku stima ilipopotea hadi asubuhi, mayai yote yalipoa. Mama alisema atajaribu mara moja tu; yakiharibika tena, atarudi nyumbani. Sikutaka arudi.

Niliita fundi tukaongeza paneli mbili. Tulizifunga Jumanne, paa la gorofa likiwa tupu, na alasiri betri ikajaa. Mama akapanga mayai mapya. Jumamosi chaji ikashuka tena. Nilipanda juu nikakuta mashuka na blanketi za jengo zima kwenye kamba, na kivuli chake kimelala juu ya paneli mpya.

Jirani wa chini yetu alikuwa akibana nguo. "Kamba hii nimeikuta hapa," alisema. "Hivyo vioo vyako ndivyo vilivyokuja juzi."

"Blanketi haziwezi kusogea kidogo, jirani?"

"Zisogee wapi, hadi mtaa wa Huruma?"

Mama, aliyekuwa amenifuata, alizitazama kamba, kisha akaniuliza kwa nini nimelaza paneli chini kama mahindi ya kuanika. "Zipandishe."

Fundi alichomelea fremu ya chuma ndefu kupita kichwa cha mtu. Paneli zikakaa juu, kamba zikapita chini, na jirani akapata mahali pa kukimbizia nguo mvua ikianza.

Wiki ya kuangua, stima ilipotea na giza likatanda kutoka kwetu hadi mtaa wa Dandora. Dirisha letu peke yake liliwaka. Jirani alikuja kuchaji simu akasikia milio ndani ya mashine. Aliinama kwenye kioo chake, ambapo kifaranga kilicholowa kilikuwa kikisukuma ganda, na kingine nyuma yake.

"Hawa wamekula jua la blanketi zangu," alisema.

"Basi mmoja ni wako," Mama akamjibu.

"Nataka mtetea."

"Ngoja kwanza awike au atage."

Walicheka hadi simu ikasahaulika. Baadaye Mama aliniuliza kama paa bado lina nafasi, kwa sababu ameona mashine kubwa zaidi. Nikamwambia tutapima Jumamosi, kamba zikiwa zimejaa nguo.