Lailaki ya Mama, Jembe la Baba

Baba yangu anaamini kwamba mtu akizaliwa Kisii, basi ardhi yote ya dunia inamjua. Hajalima tangu amalize shule ya msingi, kazi yake ni ya kompyuta, na viganja vyake ni laini kuliko vya dada yangu. Lakini theluji ikiyeyuka tu hapa Apple Valley, anaanza kuzunguka uani mikono nyuma, kama afisa wa kilimo aliyekuja kukagua kahawa ya watu. Jembe analo. Alilileta kwenye sanduku kutoka nyumbani, chuma peke yake, kisha akalitia mpini wa koleo la theluji lililovunjika. Ukilitazama vizuri utaona ni kifaa cha kujiumiza.

Mwaka huu jembe lilipata kazi. Ukuta wa nyuma wa besimenti, chumba cha chini ya nyumba, unavuja, na mafundi walikuwa waje Jumatatu na tingatinga dogo kuchimba kando yake. Hapo hapo ukutani ndipo kilipokuwa kichaka cha mama. Wazungu wanakiita lilac, baba anakiita lailaki, mimi nilikuwa nakiita fimbo. Miezi kumi na moja na nusu kwa mwaka hakina maana yoyote. Halafu Mei kinatoa maua ya rangi ya zambarau yanayonuka kama sabuni ya hoteli, na mama anafungua madirisha yote, anakaa jikoni na chai, hataki kusemeshwa.

Nyumba yenyewe tuliinunua kwa sababu ya hicho kichaka. Ajenti alikuwa anamwonyesha mama kabati za jikoni, naye amesimama dirishani ananusa. Ndiyo. Watu wazima wawili, wenye digrii, walinunua besimenti inayovuja kwa ajili ya harufu.

Kwa hivyo Ijumaa jioni, akienda zamu yake ya usiku hospitalini kule Maplewood, mama alisimama mlangoni na yunifomu yake akasema, "Kesho tengenezeni matuta ya maua mbele. Halafu mkihamishe polepole, na mizizi yake yote. Nyinyi wawili, mnanisikia?"

"Mama, relax," nikasema.

"Sisemi na wewe. Nasema na mzee."

Shida ilikuwa neno tuta. Mama alimaanisha udongo uliolainishwa, tambarare, ukingo nadhifu kama wa majirani. Kwa baba, tuta ni moja tu duniani: la viazi vitamu. Jumamosi asubuhi aling'oa nyasi za mbele akarundika udongo, akaupiga mgongo kwa jembe, akarundika tena. Alipomaliza, mbele ya nyumba yetu palikuwa na milima mitatu, kila mmoja urefu wa mtu mzima aliyelala chali.

Jirani yetu wa kulia, mzee ambaye hupiga nyasi zake pasi, alikuja hadi ukingoni na kikombe chake cha kahawa. Alitazama. Akatazama tena. Akaniuliza taratibu, "Kijana, hivi ni vya nini?"

"Wageni waliokaa sana," nikamwambia.

Hakucheka. Watu wa huku hawacheki, wanasema "sawa basi" na kurudi ndani kinyumenyume. Baba alinirushia bonge la udongo.

"Utatuitia polisi, mjinga wewe!"

"Si mimi niliyechimba makaburi, Baba."

Tukaenda nyuma. Nilikuwa nimeshaangalia video kwenye simu: mwanamke mmoja mwenye kofia ya ukili anachimba duara pana, mbali na shina, halafu anapunguza matawi ili mizizi iliyobaki isielemewe. Nikamwonyesha baba. Alitupa jicho moja.

"Huyu amezaliwa wapi?"

"Sijui. Wisconsin."

"Wisconsin wanajua ng'ombe. Kwetu unavunja kijiti, unachomeka, unaenda kanisani. Ukirudi kimeota."

"Hiki si mhogo."

"Shika hapo, wacha mdomo."

Nikashika. Akainua jembe, akalishusha shubiri moja tu kutoka kwa shina, na nikasikia mizizi ikikatika kama mifupa ya kuku. Udongo wa chini ulikuwa mfinyanzi, bado baridi, na kila ulipomkatalia yeye aliongeza nguvu badala ya akili. Mwishowe kichaka kilianguka upande wangu. Kirefu kunishinda, na chini yake bonge la mizizi lisilojaza sufuria ya ugali wa watu wawili.

Gari la mama likaingia wakati huo huo; zamu yake ilikuwa imerefushwa hadi mchana. Alipita katikati ya yale makaburi. Alikuja nyuma, viatu vya kazi vikizama kwenye tope, akapiga magoti na kupitisha vidole pale mizizi ilipokatwa.

"Mzee," akasema, "nilikuambia ukihamishe. Sikukuambia ukichinje."

Baba akaanza habari za kijiti. Mimi nikataja video; mama akaninyang'anya simu, akaitazama hiyo ya Wisconsin mpaka mwisho, mara mbili. Kisha akaingia karakana akatoka na mkasi wa matawi, akamwekea baba mkononi.

"Kata. Nusu ya kila tawi."

Machipukizi ya maua yalikuwa yameshavimba kwenye ncha, mawili mawili. Hata mimi niliona maana yake: kukata nusu ni kukata Mei yote.

"Hata hili?" baba akauliza.

"Hata hilo."

"Na hili lenye—"

"Kata."

Alikata huku amekunja uso kama mtu anayejichoma sindano. Mama alisimama hadi tawi la mwisho, halafu akamfanya asawazishe milima yake mitatu kabla ya kupanda.

Mei ilifika. Lailaki za mtaa mzima zikachanua, za watu ambao hata hawazinusi, na mama akawa anapandisha kioo cha gari tukipita. Chetu kilisimama mbele kama ufagio uliokosewa. Baba alikimwagilia kila jioni, akijifanya anaangalia bomba.

Mwishoni mwa mwezi akaingia jikoni mbio, na viatu. "Kimeshika! Kina majani! Si niliwaambia? Kwetu kijiti hakifi!"

Mama aliweka kikombe chini, akaenda kuangalia. Majani yalikuwepo kweli, madogo kama masikio ya panya. Akayagusa, akageuka.

"Kimeshika kwa huruma yake," akamwambia, "si kwa jembe lako. Vua viatu."