Hapana ya Kwanza

Huko Mkokotoni alikolelewa Mmanga Pandu, mtoto aliyepokea andazi mara tu alipokaribishwa alirudi nyumbani na alama ya kucha pajani. Mama yake hakuwa mkali kwa jambo jingine. Avunje sahani, apoteze viatu, angesamehewa. Lakini kwenye nyumba ya watu, ukiambiwa karibu, unasema ahsante, nshakula, hata kama tumbo linanguruma. Utakaribishwa tena, utakataa tena. Hapo mwenye nyumba atakushika mkono na kukuketisha kwa nguvu, nawe utakula kwa uso wa mtu aliyeonewa. Ndivyo watu wenye heshima wanavyoshiba.

Mmanga sasa alikuwa amepindukia miaka arobaini na adabu hiyo ilikuwa bado imemkaa mwilini kama alama ya chanjo. Kwa bahati mbaya, kazi aliyoipata mjini ilikuwa ya mhudumu katika mkahawa wa Bi Zeyana, ghorofani huko Shangani, ambako watalii hupanda ngazi kwa kuhema ili wale pweza wa nazi.

Mgeni akimaliza kula na kumnyooshea noti, Mmanga aliweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa na kusema hapana, hapana, ahsante. Kisha alibaki palepale, akingoja kulazimishwa. Wazungu hawakulazimisha. Waliirudisha noti pochini, wakatabasamu, wakashuka.

"Watu wakarimu wale," alimwambia Radhiya, mhudumu mwenzake, "lakini hawana subira."

Radhiya angevumilia, kama si sanduku. Bakshishi za mkahawa mzima zilitiwa katika sanduku moja la mbao, wakagawana wote kila Alkhamisi. Tena akatokea bwana mmoja mstaafu wa Ulaya, kiganja cha Mmanga kikamgusa moyo, akaandika mtandaoni kwamba Unguja bakshishi ni tusi. Msafiri mstaarabu hushukuru kwa tabasamu. Wasafiri wastaarabu wakaja kwa wingi. Mkahawa ukajaa tabasamu, na buibui akahamia sandukuni.

"Kaka Mmanga," Radhiya akamwambia, "mie nina watoto wanasoma. Nikawalipie madaftari kwa meno ya Wazungu?"

Bi Zeyana hakutaka maneno mengi. "Ama ujifunze kupokea, ama uende jikoni ukasugue masufuria. Huko hakuna atakayekupa kitu. Utastarehe."

Maneno hayo yalimkuta Mmanga wakati mbaya. Alikuwa amepeleka posa. Mwanamke mwenyewe alikuwa Tahiya, aliyewahi kuolewa akaachika, na ambaye huuza wali kwa wanafunzi wa chuo kule Tunguu. Shangazi yake Mmanga, Bi Mize, ndiye aliyepeleka maneno Kikwajuni kwa mjomba wa Tahiya, na alimsifu mpwawe kuwa ni mhudumu wa mkahawa mkubwa. Mtu hawezi kuposa akiwa mhudumu, akaoa akiwa msugua masufuria. Na Mmanga alimtaka Tahiya kwelikweli.

Akakubali kufundishwa. Mchana mkahawa ulipokuwa mtupu, Radhiya aliketi kitini kama mtalii, akakunja kipande cha karatasi na kumnyooshea.

"Chukua."

"Ah, usijisumbue..."

Kitambaa cha kufutia meza kikamchapa mkononi.

"Chukua!"

"Lakini nikipokea papo hapo, si ataona nilikuwa nangoja?"

"Kwani hukuwa unangoja?"

Mmanga akaanza kufikiri. Kitambaa kikamchapa tena kwa kuchelewa.

Haikupita muda, mkono ukafunzika. Noti ikijitokeza tu, vidole vilikwishafika, na ulimi nao ukasema, "Ahsante sana, karibu tena." Buibui akahama. Bi Zeyana akamtolea mfano kwa wengine.

Siku moja akaingia mzee wa kanzu na kofia, mtu asiyefanana kabisa na wateja wa pale. Akaagiza chai ya tangawizi peke yake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Mkokotoni."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alimtazama Mmanga akipanga vikombe, akifuta meza, akimwitikia Bi Zeyana "Naam." Kila kitu kilimpendeza. Mmanga alipomletea chenji yake, mzee alichukua noti moja humo na kumnyooshea. "Haya, ukanywe soda."

Mkono wa Mmanga haukumngoja mwenyewe. "Ahsante sana, karibu tena!"

Mkono wa mzee ulibaki hewani, umefunguka, kama umesahauliwa pale. Kisha akaurudisha taratibu na kushuka ngazi, akigeuka nyuma kila hatua.

Juma lililofuata Bi Mize aliitwa Kikwajuni kusikiliza jibu, akaenda na mpwawe. Barazani, nyuma ya cherehani, alikuwa ameketi mzee wa chai ya tangawizi. Ndiye Mzee Talib, mjomba wa Tahiya. Mmanga akauficha mkono wa kulia nyuma.

"Bi Mize," akasema Mzee Talib, "wewe ulinambia kijana ana adabu. Nilikwenda kumwona mwenyewe. Nikamnyooshea mkono kiungwana, kama watu wanavyofanya, ili akatae. Huyu! Kaichuma noti kama embe! Ilikuwa nauli yangu. Nimetoka Shangani mpaka hapa kwa miguu, na jua lote lile."

"Hakulelewa hivyo!" Bi Mize akalia. "Mamaake akimfinya! Mmanga, mwoneshe mzee paja!"

"Mjomba," ikaita sauti ya Tahiya nyuma ya pazia la mlango. "Ulimpa, hukumpa?"

"Nilimpa, lakini..."

"Basi kapokea. Yule wa kwanza mlimsifia adabu. Chai hataki, nimbembeleze. Wali hataki, nimbembeleze. Nisipombembeleza, ananuna siku nzima na njaa yake. Mie nshachoka. Namtaka huyu anayepokea."

Mzee Talib alikohoa. Alitaka angalau wamwache mposaji angoje kidogo, kwa heshima ya ukoo.

"Angoje nini?" ikauliza sauti. "Nshasema ndiyo."

Mmanga akainama na kushukuru. Njiani aliulizwa na Bi Mize mbona hana furaha. "Kakubali mara moja, shangazi," akajibu kwa wasiwasi. "Hujaona haraka hiyo?"

Siku ya kwanza ya fungate Tahiya alipika wali wa nazi na samaki changu wa kupaka. Mmanga akala sahani yake, akailamba kwa macho.

"Nikuongeze?"

Mbele ya mtalii mkono wake ulikuwa umefunzika. Mbele ya mke ulikuwa bado wa Mkokotoni. Kiganja kikapanda kifuani chenyewe. "Hapana, nshashiba, ahsante."

Tahiya akachukua sufuria, akaenda nalo jikoni. Mmanga akangoja kulazimishwa. Akasikia sufuria likifunikwa, kisha maji yakimiminwa karoni.

"Tahiya!"

"Naam."

"Niongeze."