Kipande Mdomoni mwa Kambale

Kila nikikata mche wa sabuni kwa uzi, hapa nyumbani Izia, harufu yake hunirudisha bondeni, kando ya Ziwa Rukwa. Baba amekaa na kamba yake ndefu yenye ndoano nyingi, anachomeka kipande cha sabuni kwenye kila ndoano. Kambale wanaipenda sabuni kuliko minyoo. Jioni ile sabuni ilimwishia kabla hajafika nusu ya kamba.

"Mama yako hana nyingine?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Ilikuwa chini ya kanga mpya, kwenye kikapu alichoandaa mama kwa ajili ya kujifungua, pamoja na wembe na uzi.

Asubuhi kamba ilikuja nzito. Mdomoni mwa kambale mmoja kipande kilikuwa bado kizima. Nikamkimbizia mama.

"Nani alimwambia baba yako ilipo?"

"Sijui, mama."

Alikisuuza taratibu, akakirudisha kikapuni bila kunitazama.

Mama alipojifungua wiki ile ile, kilitosha kumwogesha mdogo wangu mara moja. Hakuhitaji mara ya pili; tulimzika.