Kome Hawalishwi kwa Kisogo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka vizuri kuliko hata siku yangu ya ndoa. Siku ya ndoa nilikuwa nimefunikwa uso na macho yamejaa machozi, nikaona vichache. Siku hii ninayokusimulia niligombezwa mbele ya watu kwa sababu ya adabu njema, na kama nisingegombezwa, leo ningekuwa nazeekea Baraka, mji wetu ng'ambo ya ziwa, nikiitwa mchawi.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini hivi, nimevushwa ziwa kutoka Kongo kuja kuolewa Rumonge, huku Burundi. Mume wangu, Yusto, alikuwa akinunua mawese vijijini na kuyapeleka Bujumbura, basi siku nyingi hakuwapo. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na baba yake, Mzee Melkiyori. Enzi hizo nisingethubutu kulitamka jina hilo. Nilimwita Databukwe, ndivyo mwanamke wa hapa anavyomwita baba mkwe. Leo namtaja ili umjue, naye huko aliko atanisamehe. Alikuwa ameishi ukimbizini Tanzania miaka mingi, akarudi na Kiswahili kizuri kuliko changu, na alikuwa akinisahihisha kwa upole huku akisuka mkeka. Sauti yake bado inanijia asubuhi nikifagia ua, na huwa nasimama kidogo na fagio mkononi.

Sasa, mwanangu, ninyi mnaokula brosheti, mishikaki hiyo, barabarani huku mabasi yanapita mtanicheka, lakini zamani huku kwetu mtu mzima hakutazamwa akila. Kula kulikuwa jambo la ndani. Mgeni akikukuta mezani alitazama pembeni mpaka umalize, na mke wa mwana ndiye aliyefungwa zaidi kuliko wote: unaingia na sinia, unapiga goti, unaweka, unageuka, unatoka, unaacha pazia likianguka nyuma yako. Mama yangu alinifunza hayo kabla sijapanda boti. Nikayatimiza vizuri mpaka majirani wakanisifu.

Sifa zenyewe hazikudumu. Tangu niingie katika nyumba ile, Databukwe alianza kukonda. Sahani zilirudi tupu, zimefutwa safi, lakini shati lilizidi kumpwaya, na mashavu yakazama. Nilimwongezea bugali, nikamwongezea ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na sahani ikarudi tupu vilevile. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mama Konsolata, mwanamke mwenye mdomo usiopumzika, akaanza kusema kisimani: "Ule mukazana wa Kongo iko anamupa nini ule muzee?" Mukazana ni mke wa mwana. Lisemwalo lipo, wakaitikia wengine. Neno sumu halikutajwa mbele yangu, lakini nikifika na ndoo walikuwa wakinyamaza. Hatimaye wadogo zake Databukwe wakatuma habari kwamba Jumapili baada ya misa watakuja kukaa kikao, na Yusto, aliyekuwa amerudi siku hiyo, akaniambia bila kuniangalia kwamba huenda ikabidi nirudi kwetu kwa muda. Nilijua maana ya "kwa muda." Nililia mpaka kichwa kikauma, kisha nikaenda kazini, maana kazi haingoji machozi.

Kazi yangu, mwanangu, ilikuwa kulisha kome. Usicheke! Hata wenzangu kisimani walikuwa wakisema ninalisha mawe. Kusini kidogo ya mji, karibu na maji, palikuwa na kituo cha kuzalisha kome wa ziwani. Mito ilikuwa ikishusha tope kutoka milimani na kuwafukia, nao ndio wanaosafisha maji yetu, basi kituo kiliwafuga kome wazazi katika matangi ya saruji ili vizazi vyao virudishwe ziwani. Kome mzazi hulea vitoto vyake ndani ya gamba. Akishinda na njaa huvitupa nje kabla havijakomaa, na mwaka wake umepotea.

Chakula chao ni maji ya kijani. Unaloweka samadi kidogo katika pipa, unaliacha juani mpaka maji yageuke rangi ya majani ya muhogo, kwa sababu ya vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo vimeota humo. Kisha unayachuja kwa kitambaa na kuwamiminia taratibu, haba na haba. Kome akiridhika, gamba linaachama kidogo tu, na vijimdomo viwili vinachungulia, kimoja cha kuvuta maji na kimoja cha kuyatoa. Ukiwapa asubuhi, kufikia adhuhuri maji ya tangi yanakuwa maangavu, unaona hadi mchanga chini. Nilikuwa napenda saa ile kuliko zote. Jua, harufu ya mawese yanayochemshwa ng'ambo ya barabara, wanawake tunaimba nyimbo za kwaya, na ziwa limetulia mbele yetu. Sijapata tena kazi yenye utulivu wa namna ile.

Mkubwa wetu wa ulishaji alikuwa Mama Dafroza, mama wa makamo, mkali wa ulimi, mwepesi wa kucheka. Asubuhi ile alisimama kwenye tangi langu, akachovya kidole, akakinusa.

"Weye, binti ya Kongo! Maji ya wenzako imeng'aa, yako iko kijani toka juzi, na sasa inanuka. Unabalisha hawa kome ao unabamwangia tu?"

"Nabapa, Mama. Kila siku."

"Unabapa, halafu unabageuzia mugongo. Nakuonaka! Juu ya nini unageuka?"

Nikajibu kwa unyenyekevu, nikidhani nitasifiwa: "Kuangalia mwenye kula si heshima, Mama."

Kituo kizima kilivunjika mbavu kwa kicheko. Mama Dafroza akashika kiuno. "Eeh! Kome iko sobukwe? Kome ni baba mukwe wako?" Wenzangu wakazidi kucheka, mmoja akaketi chini kabisa. Lakini mimi neno lile lilinichoma, kwa kuwa usiku kucha nilikuwa nikimwaza baba mkwe huyohuyo. Nikaanza kulia. Alipoona machozi, Mama Dafroza aliacha mzaha, akanivuta mkono tukachuchumaa ukingoni mwa tangi.

"Angalia," akasema. "Usiogope. Angalia mu kanwa."

Niliona haya, mwanangu, kana kwamba ninachungulia chumba cha watu. Nikaangalia. Kome wote walikuwa wamefunga. Mmoja akaachama, akavuta maji, akatema, akafunga tena. Mama Dafroza akachota maji yangu kwa kiganja, akanionyesha nyuzi za samadi zikielea ndani yake. Nilikuwa nachuja kwa kitambaa kilichochakaa. Chakula kilikuwepo tele, ila kilikuwa kizito kwa vijimdomo vile, nao walikuwa wakifa njaa katikati ya shibe.

"Kumwanga si kulisha," akaniambia. "Chakula isipoingia mu kanwa, haujalisha mutu. Na kama hauangalii, utajua namna gani?"

Tukabadilisha maji, nikakunja kitenge mara mbili, nikachuja upya, nikamimina kidogo. Kisha nikakaa. Baada ya muda gamba moja likaachama, la pili, halafu tangi zima. Mama Dafroza akapiga makofi kama mtoto. Nami nilikuwa nimekwisha kusimama nikijifunga kitenge kiunoni, namwomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Nilipika bugali kama kawaida. Nikaingia na sinia, nikapiga goti, nikaweka. Sikugeuka. Nikaketi chini mkabala na Databukwe, nikamtazama.

Mzee alishtuka akainua kichwa. "Mwanangu, unanitazama?"

"Ndiyo, Databukwe. Munisamehe. Nitaangalia mpaka mutamaliza."

Nilidhani atanifukuza. Akamega tonge, akalifinyanga, akalifikisha mdomoni. Akalirudisha. Akafungua kinywa, akanionyesha. Fizi zilikuwa zimevimba, meno ya nyuma yameoza, na mfupa mmoja wa samaki ulikuwa umemchoma upande wa shavu, pametunga usaha. Tangu siku zile za harusi yetu hakuweza kutafuna. Chakula changu alikuwa akikishusha kwa dirisha la nyuma, kwa mbwa.

"Kwa nini hamukusema?" nikamuuliza nikilia.

"Ningekirudisha chakula cha mke wa mwanangu?" akajibu. "Watu wangesema hujui kupika. Nilitaka ukae kwa heshima."

Wewe ona, mwanangu. Yeye alificha ili anisitiri, na mimi sikutazama ili nimheshimu, na kati ya adabu zetu mbili mzee alikuwa akifa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kilikuwa kimekaribia kumuumbua yeye pamoja na mimi. Nikaenda jikoni nikapika uji mwepesi, nikachambua samaki, mukeke wa ziwani, mfupa kwa mfupa, nikamponda kwa mawese kidogo mpaka akawa laini. Nikamlisha kwa kijiko nikiangalia kila kijiko. Alimaliza bakuli akaomba jingine. Sijawahi kupika chakula kitamu kama kile, na wala hakikuwa na chumvi ya kutosha.

Jumapili wakaja, wakaketi uani. Wadogo watatu wa Databukwe na suti zao za kanisani, na Mama Konsolata akajileta mwenyewe bila kuitwa, akaketi karibu na mlango. Penye wazee haliharibiki neno, husemwa, lakini wazee wale walikuja neno limekwisha kuharibika. Wakaanza kuzungumzia boti ya kunirudisha Baraka. Yusto aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa jikoni nikikoroga uji.

Ndipo nikaisikia sauti ya Databukwe: "Mwanangu, niletee chakula changu. Hapa, uani."

Uani! Mbele za watu! Nilimpelekea bakuli. Wadogo zake waligeuza nyuso zao ukutani wote kwa pamoja. Mzee akawafokea: "Geukeni. Mnasema huyu ananipa sumu. Basi kaeni mnitazame. Nikifa kabla jua halijazama, mrudisheni kwao. Nisipokufa, nendeni makwenu."

Akala, mwanangu. Mtu ambaye maisha yake yote hakuna aliyewahi kuona kinywa chake kikitafuna, akala mbele ya ukoo mzima, polepole, uji ukimchuruzika kidevuni na yeye hajali, na alipomaliza akaachama kuwaonyesha yale meno. Kisha akamgeukia jirani yetu: "Na chakula cha mwanzo, Konsolata, alikila mbwa wako. Mbona amenenepa?"

Mbwa mwenyewe alikuwa amelala palepale langoni, tumbo limemjaa. Yusto ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akalia, akaja akapiga goti mbele yangu, jambo ambalo waume wa siku zile hawakulifanya. Kesho yake tulimpeleka mzee hospitali wakamng'oa meno. Akaishi akawabeba watoto wangu, na kila nilipomwandalia alisema, "Kaa, mwanangu, unitazame," nami nikakaa. Ninakumbuka kila mlo. Ningetoa mengi nikae hata mara moja tena.

Mwanangu, ingawa sikukuzaa mimi, wewe uko Bujumbura, unampakilia mama yako unga kwenye basi la kwenda kwake Nyanza-Lac na unasema umemlisha. Ni vizuri, usiache. Lakini mfuko wa unga hausemi kama kuna meno ya kuula. Panda basi hilo mwenyewe, uketi mbele yake anapokula, umwangalie kinywani. Ukiona amefunga, usimlaumu wala usimwongezee, chuja upya ulichomletea. Na ukiwa wewe ndiye unayeumwa, usiisitiri nyumba kwa njaa yako, sema. Heshima ni kitu kizuri, ila ikikuzuia kumwona mtu wako, iweke kando, utaiokota baadaye.

Mungu akupe chakula cha kuwapa watu, awape watu wako vinywa vya kukila, na akupe macho yasiyoona haya kuwatazama. Amina, mwanangu.