Samaki Fresh ya Obonyo

Obonyo wa Manyatta hunusa hata chai ya mama yake kabla ya kunywa. Siku shemeji alikuwa anakuja kula, akaogopa aibu ya samaki mbovu. Akasimama soko la Otonglo kwa Lornah, muuza samaki aliyekuwa akiita, "Samaki fresh!"

"Hii fresh yako maana yake nini?"

"Mwalimu alisema zamani Wazungu waliita hivyo maji haina chumvi. Kama hii ziwa yetu."

"Kwa hivyo hujasema imevuliwa leo."

"Imevuliwa leo, Baba."

"Basi kaanga, ukule kichwa nikiona."

Lornah akala kichwa polepole, akilamba vidole. Obonyo akabeba iliyobaki, kifua mbele.

Nyumbani shemeji akaangalia sahani. "Kichwa mlikata kwa nini? Ilikuwa inanuka?"

"Hapana, Bwana, ni fresh."

Shemeji akasukuma sahani. "Fresh maana yake nini?"